Mechi Ijayo Ni Lini?



Mwezi Juni mwaka 2024, Uganda walipokuwa Guyana kwenye Kombe la Dunia la kriketi ya ova 20, msikilizaji mmoja wa Kisumu alituma ujumbe ambao sikuujibu siku ile. Alikuwa ameona matokeo ya tarehe 8: West Indies mikimbio 173, Uganda wote nje kwa 39. Aliuliza vijana hao wanasafirishwa mbali hivyo wakaaibishwe kwa faida ya nani, na kama haingekuwa afadhali wabaki kwao wajifunze kwanza, ndipo waende.

Sikumjibu kwa sababu swali lenyewe nalijua. Nililiuliza mimi, kwa sauti, Jumapili moja asubuhi miaka 13 kabla yake. Jioni ya leo nataka kumjibu yeye na kujijibu mwenyewe, na kwa hilo itabidi tuondoke Guyana twende India na Sri Lanka, kwenye Kombe la Dunia la mechi za siku moja, mwezi Februari na Machi mwaka 2011, tuifuate timu ya taifa ya Kenya kituo kwa kituo.

Wale ambao hamfuatilii mchezo huu, mniruhusu maneno mawili. Ova ni mipira sita. Katika mechi ya siku moja kila upande hupewa ova 50, yaani mipira 300, na wachezaji kumi wakishatolewa, yaani wiketi kumi zikianguka, zamu imekwisha hata kama ova zimebaki. Aliyeandika mikimbio mingi ndiye mshindi. Hayo yanatosha kwa safari yetu.

Kenya iliyopanda ndege mwaka 2011 ilibeba jina kubwa kuliko nguvu zake. Dunia ilikuwa bado inaikumbuka Kenya ya tarehe 29 Februari 1996, iliyoandika mikimbio 166 kule Pune kisha ikawatoa West Indies ya Brian Lara kwa 93. Ilikuwa bado inaikumbuka Kenya ya 2003, iliyoifunga Sri Lanka hapa Nairobi, Collins Obuya akichukua wiketi tano kwa mipira yake ya kuzunguka, kisha ikafika nusu fainali dhidi ya India kule Durban. Hakuna nchi nyingine isiyo mwanachama kamili wa Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, iliyowahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la siku moja. Lakini miaka minane ilikuwa imepita. Nahodha sasa alikuwa Jimmy Kamande, na kocha alikuwa Eldine Baptiste wa Antigua. Steve Tikolo alikuwa na miaka 39, anaingia Kombe lake la tano. Kando yake walikuwepo vijana ambao mwaka 1996 walikuwa bado shule ya msingi.

Kituo cha kwanza ni Chennai, tarehe 20 Februari, dhidi ya New Zealand. Mechi ilianza saa moja asubuhi kwa saa zetu. Kenya walishinda kura wakaamua kupiga kwanza. Ova ya 24 haikumalizika: wote nje, mikimbio 69. Hamish Bennett alichukua wiketi nne, Tim Southee tatu, Jacob Oram tatu. New Zealand wakaingia, wakamaliza kazi kwa ova nane bila kupoteza hata mtu mmoja. Waumini wa misa ya kwanza walikuwa bado hawajafika nyumbani, nasi tulikuwa tumeshazima televisheni. Hapo ndipo niliposema yale aliyokuja kuyasema msikilizaji wangu wa Kisumu.

Siku tatu baadaye, Hambantota, kusini mwa Sri Lanka, dhidi ya Pakistan. Kenya walianza vizuri, wiketi mbili wakazipata mapema. Kisha mikono ikalegea. Wapinzani walizawadiwa mikimbio 37 kwa mipira iliyopita kando ya mpigaji, mipira ambayo haikuhitaji hata kuguswa. Pakistan 317. Kenya 112, Shahid Afridi akichukua wiketi tano kwa mikimbio 16.

Hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu wengi huona tarakimu kama hizi wakadhani ni uzembe au woga.

Kati ya anayerusha na anayepiga kuna mita 20 hivi. Mrushaji wa kasi wa daraja la juu hutupa mpira kwa kilomita 140, pengine 150, kwa saa. Ukipiga hesabu utaona mpira unafika kwa nusu sekunde. Ndani ya nusu sekunde hiyo mpigaji ajue utadunda wapi, utapinda upande gani, na mguu wake uende mbele au nyuma. Hakuna mwanadamu anayeweza kufikiri yote hayo kwa muda huo. Kinachofanya kazi ni mazoea. Jicho hujifunza kuusoma mkono wa mrushaji kabla mpira haujatoka: bega limekaaje, kifundo kimegeukaje, vidole vimeushika vipi mshono. Mashine ya mazoezi itakurushia mpira kwa kasi hiyohiyo, ila mashine haina bega wala kifundo. Elimu hiyo hupatikana mahali pamoja tu, mbele ya mrushaji mwenyewe, tena mara nyingi. Mpigaji wa Australia au wa India huikuta kila wiki kwenye ligi ya kwao. Mkenya wa mwaka 2011 aliikuta Kombe la Dunia lilipofika, mbele ya kamera za dunia nzima, na jaribio lake la kwanza ndilo lililoandikwa kitabuni.

Basi twende Colombo, tarehe 1 Machi, tukaone elimu hiyo ikianza kuingia. Sri Lanka walikuwa na Lasith Malinga, ambaye mkono wake haupiti juu ya kichwa kama wa wengine, hupita kando, chini, karibu na usawa wa refa. Mpira hutokea mahali ambapo jicho halijazoea kuutafuta. Wiketi mbili za Kenya zilianguka mapema sana, na kila aliyekuwa akitazama alisema ni Chennai tena. Ndipo wakakutana katikati ya uwanja ndugu wawili wa tumbo moja, David na Collins Obuya. Waliongeza mikimbio 94. Hawakupiga kwa fujo. Waliuacha mpira wa kuachwa, wakaukwepa wa kukwepwa, wakakimbia moja, moja, mbili. Kila mmoja alivuka 50. Kwa saa nzima na zaidi, ndani ya uwanja wa Premadasa, timu yenye nyota wa dunia ilitafuta namna ya kuwatenganisha watoto wa nyumba moja ya Nairobi ikashindwa.

Malinga akarudi. Akachukua wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo, mtu wa kwanza kufanya hivyo mara mbili katika historia ya Kombe la Dunia. Kenya 142, na Sri Lanka wakashinda bila taabu. Magazeti ya kesho yake yalijaa Malinga, na ni haki yake. Mimi nilibaki nikiifikiria ile mikimbio 94.

Delhi sitakaa. Tarehe 7 Machi, Kenya walicheza na Canada, timu ya kiwango chao, mechi iliyopangwa kuwa ya kupumua. Walipoteza, na katika zote sita hii ndiyo iliyoniuma zaidi. Mrushaji aliyewavunja, Henry Osinde, mwenye wiketi nne, ni mzaliwa wa Uganda. Mtoto wa jirani, ndani ya jezi ya Canada.

Sasa Bangalore. Tarehe 13 Machi, Jumapili nyingine, dhidi ya Australia, mabingwa wa dunia mara tatu mfululizo. Siku hiyo sikutazama nyumbani. Nilikuwa Ngara, kwa muuza vipuri ambaye kila Kombe la Dunia huweka televisheni juu ya kaunta, hata Jumapili, mlango nusu umefunguliwa. Mzee huyo wa Kigujarati aliicheza kriketi ya ligi ya Nairobi ujanani. Tulikuwa sita au saba: yeye, wanawe, mafundi wawili wa magari, mlinzi wa jengo na mimi.

Australia waliandika 324. Hakuna aliyesema neno. Mzee alikwenda kuchemsha chai.

Kenya wakaingia. Upande wa pili walikuwepo Brett Lee, Shaun Tait na Mitchell Johnson, watatu miongoni mwa warushaji wenye kasi kubwa zaidi waliokuwa duniani wakati ule. Wiketi tatu zilipoanguka, Collins Obuya alikutana na Tanmay Mishra. Msikilizaji, mimi nimetazama kriketi tangu utotoni, na sijui kama nimewahi kuona mabadiliko ya namna ile ndani ya wiki tatu. Mtu aliyekuwa akiuchelewa mpira kule Chennai sasa anaungoja. Mishra alikuwa akipiga kwa raha, mikono laini, mpira unateleza kwenye majani hadi kwenye kamba. Waliongeza mikimbio zaidi ya mia moja pamoja. Mishra alitoka na 72. Thomas Odoyo, mkongwe wa mwaka 1996, akaja kumsindikiza Collins.

Nikukumbushe Collins Obuya ni nani. Mwaka 2003 alikuwa shujaa kwa kurusha. Ile mipira yake ya kuzunguka ilimpatia mkataba na klabu ya Warwickshire ya Uingereza. Kisha kipaji hicho cha mkono kikamponyoka, kama sauti inavyoweza kumponyoka mwimbaji. Wengi wangeacha mchezo. Yeye alianza upya, akajifundisha kupiga, mwaka baada ya mwaka, hadi akasimama Bangalore akiwa mpigaji tegemeo wa nchi yake.

Kila alipokaribia mia, duka lile lilizidi kunyamaza. Tisini. Tisini na tano. Kushinda kulikuwa hakuwezekani tena, na kila mtu alijua. Hakuna Mkenya aliyewahi kufikisha mia katika Kombe la Dunia. Aliyekuwa karibu zaidi ni Tikolo, aliyetolewa na 96 kule Kandy mwaka 1996, siku Sri Lanka walipoandika 398. Ova zikaisha. Collins Obuya, mikimbio 98, hajatoka. Kenya 264 kwa wiketi sita.

Walishindwa kwa mikimbio 60. Lakini tazama njia waliyopita: 69 kule Chennai, 112, 142, 198, na sasa 264 mbele ya Australia. Hii ni timu iliyokuwa ikijifunza hadharani, siku kwa siku, kwa kupigwa. Mlinzi wa jengo alikuwa akipiga makofi peke yake. Mzee wa duka hakupiga makofi. Alizima sauti ya televisheni, akatugeukia, akauliza mechi yao ijayo na Australia ni lini.

Kolkata, tarehe 20 Machi, ilikuwa ya kuagana. Zimbabwe walishinda kwa mikimbio 161, na Kenya ikamaliza safari bila ushindi hata mmoja katika mechi sita. Mbele ya viti vya Eden Gardens, wachezaji walipanga mistari miwili wakampitisha Steve Tikolo kati yao, mpigaji bora kuliko wote ambao Afrika Mashariki imewahi kuwa nao. Alipata 10 siku hiyo. Nilitamani apate zaidi.

Kilichofuata ndicho ninachotaka kukieleza vizuri. Timu ilirudi Nairobi, na haikupita hata wiki tatu, ICC ikaamua kwamba Kombe la Dunia la 2015 litakuwa la timu kumi tu, wote wanachama kamili. Mlango ukafungwa kwa kila mtu mwingine. Kelele zikapigwa, hasa na Ireland waliokuwa wameifunga Uingereza katika mashindano yaleyale, na mwezi Juni uamuzi ukabatilishwa. Timu 14 zikabaki kwa mwaka 2015. Hata hivyo mwaka 2019 zikawa kumi kweli. Hoja iliyotolewa kila mara ni hiyohiyo ya msikilizaji wangu: mechi za upande mmoja hazina mvuto, wadogo wajifunze kwanza.

Wajifunze wapi? Mwaka mzima uliofuata ule wa nusu fainali ya 2003, wakati Kenya ilipokuwa na kikosi chake bora kabisa, ilipata mechi mbili za siku moja za hadhi ya kimataifa mwezi Septemba 2004, dhidi ya India na Pakistan. Kisha haikupata nyingine hata moja hadi Februari 2006. Wachezaji waliotoka kuikabili Australia walirudi kwenye ligi ya Nairobi wikendi, wakarushiwa mipira na majirani zao. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na mimi nakubali, ila atatunzwa na nani ikiwa hakuna mgeni anayekuja kucheza naye?

Sisemi kosa lote ni la wakubwa wa nje. Miaka ileile nyumba yetu ilikuwa inaungua kwa ndani. Chama cha kriketi kilikuwa na madeni na magomvi, wachezaji waligoma kwa ajili ya malipo yao, aliyekuwa nahodha akafungiwa miaka mitano kwa uhusiano na mchezesha kamari, na mwishowe chama kikavunjwa kikaundwa kingine. Nchi yoyote iliyotafuta sababu ya kutotualika ilikuwa nayo mkononi. Hilo linauma kulisema, kwa kuwa waliolipia ni vijana waliokuwa wakiamka alfajiri kwenda mazoezini na hawakuwa na sauti katika ofisi yoyote.

Lakini ofisi mbovu hazikuwa Kenya peke yake. Zipo nchi kubwa za kriketi ambazo vyama vyao vimepitia mabaya kama hayo, na ratiba zao hazikukatwa. Hapo ndipo ninapoona dhuluma. Mwaka 1975 timu ya pamoja ya Afrika Mashariki, chini ya Harilal Shah, ilikwenda Uingereza kwenye Kombe la Dunia la kwanza kabisa. Ilipoteza zote tatu, na Waingereza waliitoa kwa mikimbio 94. Eneo letu halikuonekana tena kwenye Kombe hilo hadi Kenya ya 1996. Miaka 21. Kijana aliyeangalia kipigo cha 1975 akasema nitajifunza nilipe, alikuwa mtu mzima kabla hajapata nafasi. Na baada ya 2011 mlango ukafungwa tena: Kenya ilipoteza hadhi ya mechi za siku moja za kimataifa Januari 2014, kwenye mashindano ya kufuzu kule New Zealand, na kikosi cha Bangalore kikatawanyika.

Sasa nirudi kwa Waganda, na kwa msikilizaji wangu wa Kisumu.

Ndugu yangu, umeziona 39 dhidi ya West Indies, na siku sita baadaye ukaziona 40 dhidi ya New Zealand kule Trinidad. Ni kweli zote mbili, na zinauma. Lakini vijana hao hawakupewa tiketi kwa huruma. Novemba 2023, kule Windhoek, waliifunga Zimbabwe, mwanachama kamili, wakafuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yao, na Zimbabwe wakabaki nyumbani. Nahodha wao alikuwa Brian Masaba. Kikosini alikuwemo Juma Miyagi, kijana aliyekulia mitaa ya mabanda ya Naguru, Kampala.

Na kabla ya vipigo hivyo ilikuwepo tarehe 5 Juni, ambayo hukuitaja. Uganda na Papua New Guinea, kwenye Providence, uwanja uleule wa Guyana. Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, mtu aliyekuwa akirusha mpira wa kimataifa tangu miaka ya 1990, alipewa ova zake nne. Alitoa mikimbio minne tu, akachukua wiketi mbili. Wakati huo hakuna mtu aliyewahi kumaliza ova nne katika Kombe la Dunia la ova 20 kwa mikimbio michache kama hiyo. Lockie Ferguson wa New Zealand aliipita rekodi hiyo siku 12 baadaye. Papua New Guinea walitoka na 77. Uganda wakawa na wiketi tano chini kwa 26, nikashika kichwa. Riazat Ali Shah akasimama, akapata 33, wakavuka. Walipokimbilia uwanjani kukumbatiana, nilikuwa macho alfajiri sebuleni kwangu nikilia.

Nsubuga angebaki nyumbani ajifunze kwanza? Alijifunza robo karne, kwenye viwanja vya Lugogo na Entebbe, kwenye mashindano ya daraja la pili na la tatu ambayo hakuna televisheni iliyoyaonyesha. Kilichobaki hakifundishwi Lugogo. Kipo mkononi mwa Akeal Hosein wa West Indies, aliyewachukulia wiketi tano usiku ule wa 39, na ili Miyagi na wenzake waujue mkono huo itabidi wausimamie tena, mwaka huu, mwaka ujao, na ule wa baada yake, katika mechi za kawaida zisizo za kombe, ambazo mtu akishindwa Jumatano anapiga tena Ijumaa.

Husemwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Waganda wamekubali. Kenya ya 2011 ilikubali mara sita, na kila mara ikarudi uwanjani na mikono iliyojua zaidi kuliko jana. Mzee wa Ngara bado ana duka lake, na televisheni bado iko juu ya kaunta. Nilipita kwake mwaka huo wa Guyana, tukaizungumzia Bangalore, na lile swali lake akawa bado analo. Tangu jioni ile ya tarehe 13 Machi 2011, Kenya haijacheza tena na Australia mechi ya siku moja.